Neno "Kumbukumbu" katika Kompyuta: Uhakiki wa Istilahi na Hasara ya Tafsiri

Katika kurasa hizi tumezoea kupokea maswali ya aina moja: neno fulani la kigeni laitwaje kwa Kiswahili? Ni mara chache tuulizwapo swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi: neno hilo la Kiswahili, likishafika mikononi mwa mtumiaji, lamfanya atende nini? Makala haya yanahusu swali hilo la pili. Tumechagua istilahi moja, nayo ni "kumbukumbu" kama itumiwavyo katika kompyuta, pamoja na maneno yanayoandamana nayo pale mtu anapotaka kujua kama kumbukumbu mpya aliyoiweka katika mashine yake inafanya kazi.

Jambo lililotusukuma kuandika lilitokea katika kata ya Ngenge, wilayani Muleba, Mkoa wa Kagera. Tulikuwa huko kwa shughuli nyingine, tukakaribishwa katika ofisi ya shule moja. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja iliyozeeka na kuwa nzito katika kazi zake. Fundi alikuwa ameitwa kutoka Bukoba, akaongeza kipande cha ramu cha gigabaiti 4 kando ya kile cha zamani cha gigabaiti 2, kisha akarudi zake mjini. Kilichobaki mezani kilikuwa ni kijikaratasi cha maelekezo kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na wauzaji wa kifaa hicho. Mwalimu wa taaluma alikisoma kwa makini na kukifuata neno kwa neno, kwa kuwa kilikuwa katika lugha anayoiamini.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Kumbukumbu yako mpya ya nasibu itahifadhi taarifa zako zote. Kucheki kama inafanya kazi, washa kompyuta na uangalie kumbukumbu. Ikionekana, inafanya kazi."

Mwalimu aliwasha kompyuta, akaangalia, akaona gigabaiti 6 zimeandikwa katika skrini. Akaridhika. Siku hiyo hiyo aliingiza alama za mitihani za darasa zima, na ilipofika saa ya chakula alitoka akiiacha mashine inawaka, bila kuiamuru ihifadhi kazi ile. Umeme ulikatika. Aliporudi hakukuta hata alama moja. Akaanza upya; na siku chache baadaye mashine yenyewe ikawa inasimama ghafla katikati ya kazi, na majalada mawili yakaharibika yasifunguke tena. Fundi alipopigiwa simu, mwalimu alimwuliza swali lililo la haki kabisa: "Fundi, karatasi inasema itahifadhi, mbona haikuhifadhi?" Naye fundi akajibu, "Mwalimu, hiyo ni ramu. Ramu haihifadhi kitu."

Hapa pana hasara mbili. Zote mbili zilianzia katika tafsiri, wala si katika uzembe wa mwalimu. Ya kwanza ilisababishwa na nomino, ya pili ilisababishwa na kitenzi. Tutazichambua moja baada ya nyingine.

I. NOMINO: "KUMBUKUMBU"

Kwa mtumishi wa serikali, neno "kumbukumbu" si geni hata kidogo. Kila barua ya ofisi ina "Kumb. Na." juu yake. Kila mkutano una kumbukumbu zake, ambazo husomwa, hurekebishwa, huthibitishwa na kutiwa sahihi. Katika matumizi haya yote, kumbukumbu ni kitu kilichoandikwa ili kidumu. Mwenyekiti akibadilika, karani akihama, hata ofisi yenyewe ikifungwa, kumbukumbu hubaki masijala zikisubiri atakayezitafuta. Kudumu ndiyo maana ya neno hili ofisini.

Sasa tuangalie kifaa kinachobandikwa jina hilo. Kipande cha ramu kina chembe nyingi mno, na kila chembe hubeba chaji ndogo ya umeme. Chaji hiyo huvuja. Ili isipotee, mashine hulazimika kusoma kila chembe na kuijaza upya katika muda ambao kwa kawaida hauzidi milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 katika kila sekunde. Umeme ukikatika, kazi ya kujaza hukoma, na yote yaliyokuwamo hufutika. Kwa hiyo tumechukua neno ambalo kwa karani lina maana ya "kisichopotea", tukalibandika juu ya kitu ambacho sifa yake ya kwanza ni kupotea.

Twapenda msomaji aelewe kwamba waliotangulia kulitumia neno hili hawakukosea. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikanunuliwa kwa kampuni ya Kiingereza iitwayo ICT. Katika mashine za siku hizo, sehemu hii ilitengenezwa kwa pete ndogo ndogo za sumaku zilizotungwa katika nyaya. Pete ikishatiwa sumaku upande mmoja, ilibaki hivyo hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ile ilikumbuka kwelikweli. Kisha mwaka 1970 kampuni ya Intel ya Marekani ikaanza kuuza chembe za aina mpya, ndogo na rahisi, ambazo zilihitaji umeme wakati wote, na katika miaka michache pete za sumaku zikaachwa. Nchini kwetu serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kwa miaka mingi watu wachache sana waliigusa mashine hii. Mashine zilipofunguliwa mlango tena, kifaa kilikuwa kimebadilika tabia, lakini jina lilibaki lile lile.

Aidha, si mataifa yote yaliyotumia picha ya kukumbuka. Charles Babbage, Mwingereza aliyebuni mashine ya kukokotoa katika karne ya 19, aliiita sehemu hii "ghala", na ile ya kufanyia hesabu akaiita "kinu". Waingereza wa miaka ya 1960 waliendelea kusema "ghala". Wajerumani hadi leo husema "ghala la kazi", wakitofautisha na maghala mengine. Wafaransa walishika picha ya kukumbuka, lakini hawakuiacha peke yake. Wao husema "kumbukumbu hai", na ile isiyobadilika huiita "kumbukumbu mfu". Hivyo Mjerumani na Mfaransa, kila mmoja kwa njia yake, ameongeza neno la pili la kumwonya mtumiaji. Sisi tumetafsiri neno la kwanza tu kutoka Kiingereza tukadhani kazi imekwisha.

Tena Kiingereza chenyewe hutumia neno hilo hilo moja kwa kadi inayowekwa ndani ya simu ili kutunza picha. Kadi hiyo hudumisha yaliyomo hata ikichomolewa. Katika orodha za maneno zinazopitishwa na wapenzi wa Kiswahili, kadi hiyo imepewa jina la "kadi sakima". Hatuna ugomvi na jitihada hiyo. Lakini twauliza: mwalimu wa Ngenge, akikutana na "sakima", ana njia gani ya kulifikia? Halimkumbushi neno lolote analolijua, wala halimwambii kadi hiyo hufanya nini. Istilahi isiyoeleweka hulazimisha watu kurudi kwenye neno la kigeni, lakini istilahi inayoeleweka vibaya ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayeishtukia. "Sakima" ni ya aina ya kwanza. "Kumbukumbu" iliyoachwa peke yake ni ya aina ya pili.

II. KIVUMISHI: "YA NASIBU"

Jambo hili tutalipitia upesi, maana kosa lake liko wazi. Kijikaratasi kilisema "kumbukumbu ya nasibu". Mtanzania akisikia "nasibu" hukumbuka bahati nasibu, yaani mchezo ambao mtu hulipa fedha asijue kama atapata kitu. Mwalimu alituambia kwa mzaha kwamba baada ya yaliyompata, neno hilo peke yake ndilo lililokuwa la kweli katika karatasi nzima.

Maana iliyokusudiwa ni nyingine kabisa. Katika utepe wa sumaku, ili kufikia jambo lililo mwishoni ni lazima kupitia yote yaliyotangulia. Katika ramu, mashine huweza kuiendea chembe yoyote moja kwa moja, ya kwanza au ya mwisho, kwa muda ulio karibu sawa. Hakuna bahati hapa, kwani kila chembe ina anwani yake. Mfasiri aliona neno la kigeni ambalo katika somo la takwimu hutafsiriwa "nasibu", naye akalichukua bila kuuliza linafanya kazi gani mahali hapa. Kama ni lazima sifa hiyo itajwe, na isemwe "ya kufikiwa moja kwa moja". Lakini kwa mtumiaji wa kawaida sifa hiyo haina faida, na twaona ingefaa iachwe kabisa.

III. KITENZI: "KUCHEKI"

Hapa ndipo ilipo hasara ya pili, na hapa ndipo wafasiri wengi hupita bila kuangalia, kwa kuwa akili zao zote ziko kwenye majina ya vitu. Kijikaratasi kilisema "kucheki kama inafanya kazi", kisha kikataja tendo moja tu, kuangalia. Hali halisi ni kwamba anayetaka kujua kama ramu mpya inafanya kazi ana maswali matatu tofauti, na jibu la moja si jibu la jingine.

Mkulima wa kahawa wa Muleba anaijua tofauti hii vizuri sana. Afikishapo mzigo wake ghalani, kwanza gunia hupokelewa na kuhesabiwa. Pili hupimwa uzito katika mizani. Tatu kahawa yenyewe hukaguliwa ubora wake. Hakuna mkulima atakayekubali kuambiwa kwamba kwa kuwa gunia limeonekana, basi kahawa ni nzuri. Maswali matatu ya ramu ni hayo hayo:

(a) Je, mashine imekitambua kipande? Hili ni swali la kuonekana. Kama kipande hakikukaa sawasawa katika nafasi yake, kompyuta nyingi hazitawaka vizuri na baadhi hulia milio ya onyo.

(b) Je, kiasi chote kinatumika? Hili ni swali la kupima. Mashine inaweza kukitambua kipande na bado isikitumie chote. Kwa mfano, mifumo ya kawaida ya Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, na mara nyingi hutumia pungufu ya hapo. Mtu aliyeweka gigabaiti 6 katika mashine ya namna hiyo atadhani ameuziwa kifaa kibovu, kumbe kifaa ni kizima na mpaka uko katika mfumo.

(c) Je, kila chembe inarudisha kile ilichopewa? Hili ni swali la kujaribu, na haliwezi kujibiwa kwa kuangalia skrini. Kipande chaweza kuhesabiwa chote na bado kikawa na chembe chache mbovu, ambazo siku zikitumika huharibu majalada au kusimamisha mashine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ngenge: gigabaiti 6 zilionekana, na zilikuwamo kweli, lakini kipande kipya kilikuwa na kasoro.

Njia ya kujibu swali la tatu ni nyepesi kuieleza kwa mwalimu yeyote, maana inafanana na imla. Programu ya majaribio huiandikia kila chembe jambo fulani, kisha huisoma tena na kulinganisha. Halafu huandika kinyume chake na kusoma upya, mara nyingi, kwa mpangilio tofauti. Pakitokea tofauti hata moja, hilo ni kosa, na kipande hakifai. Programu mojawapo ijulikanayo sana ni Memtest86, iliyobuniwa na Chris Brady mwaka 1994. Na Windows ina programu yake ya kazi hiyo. Programu hizi huendeshwa kabla mfumo wa kompyuta haujaanza, kwa sababu mfumo ukishaanza hushika sehemu ya ramu, na sehemu iliyoshikwa haiwezi kujaribiwa kwa uhuru. Jaribio laweza kuchukua saa kadhaa, hivyo ni vema kuliacha usiku kucha pale ambapo umeme unaaminika.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa mambo haya yote: kutambua, kuhesabu, kupima, kukagua, kujaribu, kuhakiki, kuthibitisha. Watumishi wanajua vizuri kwamba kuhesabu vyeti si kuhakiki vyeti. Lugha yenye utajiri huo haina sababu ya kujibanza katika neno "kucheki", ambalo katika mazungumzo laweza kuwa na maana ya kutazama, kutafuta, kupiga simu au hata kumtembelea mtu.

IV. TUNAYOPENDEKEZA

Tunajua kwamba neno "kumbukumbu" limekwisha enea, na hatutaki kuling'oa. Istilahi iliyozoeleka ikiondolewa ghafla huacha vurugu kubwa kuliko kosa lenyewe. Twapendekeza mambo manne.

1. Pale inapokusudiwa ile inayofutika umeme ukizimwa, isemwe "kumbukumbu ya muda", wala neno "kumbukumbu" lisiachwe peke yake. Watu wanaelewa vizuri "ajira ya muda" na "makazi ya muda", na mara moja watajua kwamba kilichomo humo si cha kutegemea kesho. Wapo wanaopenda "kumbukumbu ya kazi", kwa mfano wa Wajerumani. Ni jina zuri, lakini halina onyo ndani yake, na onyo ndilo lililokosekana Ngenge.

2. Neno "hifadhi" na kitenzi "kuhifadhi" yatengwe kwa kile kinachodumu tu, yaani diski na kadi. Mtu asiseme kwamba ramu "inahifadhi". Aseme kwamba "inashika" au "inabeba". Tumeambiwa kwamba watu wa Muleba wakisikia "hifadhi" hufikiria wanyama, hasa tangu Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo wilayani humo, ilipotangazwa mwaka 2019. Hilo halituhangaishi. Mbuga na diski haziwezi kuchanganywa na msomaji, na maana ya msingi ni moja: kilichoingia humo kinalindwa kisipotee.

3. Neno "ramu", ambalo mafundi na wauzaji wanalitamka kila siku, likubaliwe kuwa jina la kile kipande kinachonunuliwa dukani. Fundi auze ramu, kitabu kieleze kumbukumbu ya muda. Hakuna ugomvi kati yao. Neno la karakana linalofanya kazi yake sawasawa halifai kudharauliwa kwa sababu tu halikuanzia kwenye kikao.

4. Katika maelekezo yoyote, vitenzi "kutambua", "kupima" na "kujaribu" visichanganywe, na kila kimoja kielezwe kwa hatua yake.

Ili tusiwe watu wa kukosoa tu, tumejaribu kuyaandika upya maelekezo yale kama ambavyo yangefaa kusomwa na mwalimu wa Ngenge:

"Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Gusa chuma kitupu cha sanduku la mashine ili kuondoa umeme tuli mwilini. Hakikisha ramu ni ya aina inayokubaliwa na mashine yako. Pengo lililo katika ukingo wake ni lazima lilingane na kizuizi cha nafasi yake, na ramu ya DDR3 haiwezi kuingia mahali pa DDR4. Ikandamize kwa usawa mpaka vibano vyake vifunge. Washa mashine. Kwanza, tazama kama ramu imetambuliwa. Pili, soma kiasi kinachotumika, ulinganishe na jumla ya vipande vyako. Tatu, endesha programu ya majaribio. Likionekana kosa lolote, rudisha ramu ulikoinunua. Kumbuka: hii ni kumbukumbu ya muda. Umeme ukizimika, kila ulichokiandika bila kukihifadhi katika diski kitapotea."

Maelezo hayo ni marefu kuliko yale ya kijikaratasi, lakini yote yangeenea katika ukurasa mmoja, na yangeokoa siku mbili za kazi ya mwalimu pamoja na alama za darasa zima.

V. NENO KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba tunajisumbua bure. Kwamba mambo ya kompyuta yana lugha yake, na atakaye kuyajua na ajifunze Kiingereza. Kwa hao twajibu kwamba mwalimu yule hakuomba kutafsiriwa. Tafsiri ilikwisha kuwako, ikiwa imechapwa vizuri na kutiwa ndani ya boksi la kifaa, naye aliiamini. Kwa hiyo hatuna tena uhuru wa kuchagua kama mambo haya yatasemwa kwa Kiswahili au la. Yanasemwa tayari, na tunachoweza kuamua ni kama yatasemwa sawasawa. Neno "TEHAMA" limetuonyesha kwamba yawezekana: lilijengwa kwa maneno yetu wenyewe, likaingia katika sera ya taifa na katika vitabu vya shule za msingi, na leo mtoto hulitamka bila kujiuliza.

Wengine watasema kwamba kosa ni la mwalimu, kwa kuwa kila mtu anajua ni lazima kuhifadhi kazi yake. Anajua nani? Anajua yule aliyekwisha fundishwa. Maelekezo huandikwa kwa ajili ya asiyejua, na mfasiri anayemwandikia anayejua tayari hajamsaidia mtu yeyote.

Twawaomba wafasiri, kabla ya kutoa istilahi mikononi mwao, wampe karani au mwalimu mmoja asiyeijua mashine, wamwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini baada ya kusoma. Jibu lake ndilo jaribio la istilahi hiyo, kama vile kuandika na kusoma tena lilivyo jaribio la ramu. Likirudi tofauti na tulivyokusudia, kosa ni letu.

Wasomaji walio na istilahi bora kuliko hizi tulizozitaja, hasa walimu wa somo la TEHAMA na mafundi wa mikoani, twawakaribisha watuandikie, wakieleza pamoja na neno lenyewe jinsi linavyotumiwa na watu wa mahali pao.